Kano Imekatika, Msimbo Unasema Imevutika

S46.211A. Kwa anayegeuza majalada ya wagonjwa kuwa misimbo kila siku, hiyo ni sentensi kamili. S ni jeraha. 46 ni misuli, kano (kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa) na utando wa misuli katika eneo la bega na mkono wa juu. Mbili inayofuata ni bisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, ila si sehemu yake iitwayo kichwa kirefu bali sehemu zake nyingine. Moja ya kwanza ni kuvutika, moja ya pili ni mkono wa kulia, na A ya mwisho inasema mgonjwa bado anatibiwa jeraha lenyewe. Alama saba, kila moja na kazi yake.

Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza alinyanyua mzigo, msuli wa mkono wa kulia ukauma, akapumzika, maumivu yakaisha, akarudi kazini. Wa pili alinyanyua mzigo kama huo huo, akasikia kitu kinakatika mbele ya kiwiko, na kesho yake pakawa na damu iliyovilia na nafasi tupu pale ambapo kidole kingepaswa kuigusa kano nene ya bisepsi. Kano hiyo imeng'oka kabisa kwenye mfupa. Isiporudishwa kwa upasuaji, atabaki na mkono unaokunja kwa nguvu pungufu na, kubwa zaidi, unaoshindwa kugeuza kiganja kitazame juu kwa nguvu, mwendo ule ule unaohitajika kukaza skrubu kwa mkono wa kulia. Madaktari wa mifupa hupendelea kumpasua ndani ya wiki mbili hadi tatu za mwanzo, kabla kano haijajikunja kupanda juu na kufungwa na kovu.

Msimbo wa mtu wa kwanza ni S46.211A. Msimbo wa mtu wa pili ni S46.211A.

Hili si kosa la karani aliyechoka. Ndivyo kanuni zinavyoagiza. Ukifungua faharasa ya ICD-10-CM, toleo la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa linalotumika Marekani, ukatafuta kukatika kwa kano kulikosababishwa na jeraha, faharasa inakuelekeza uende ukasome chini ya kuvutika. Kwa lugha ya misimbo, nyuzi chache zilizochanika na kano iliyong'oka mzima mzima ni kitu kimoja. Mfumo unajali sana mkono ni wa kulia au wa kushoto. Haujali kama mkono huo bado umeunganishwa na nguvu yake.

Nataka kuwa mwadilifu kwa waliobuni mfumo huu, kwa sababu ulikotoka kulikuwa kubaya zaidi. Hadi tarehe 30 Septemba 2015 Marekani ilikuwa bado inatumia ICD-9-CM, yenye takriban misimbo 14,000 ya magonjwa na majeraha. Humo kiwiko na kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, vilikuwa na kategoria moja, 841, iliyochanganya kuteguka kwa ligamenti (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) na kuvutika kwa msuli, na haikuwa na nafasi ya kusema ni mkono gani. Mtu aliyeumia kiwiko cha kulia mwezi wa pili na cha kushoto mwezi wa nane alionekana kwenye takwimu kama mtu mmoja mwenye tatizo moja lisilopona. Kampuni za bima zilikataa madai halali zikidhani zinalipishwa mara mbili. ICD-10-CM ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2015, ikiwa na misimbo zaidi ya 68,000, ilitenganisha msuli na ligamenti, ikatenganisha kulia na kushoto, ikatenganisha kuvutika na kukatwa kwa kitu chenye ncha. Hayo ni maendeleo ya kweli. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ndiyo mama wa toleo la Marekani, haiendi hata huko: S46.2 yake inasema tu kuna jeraha kwenye sehemu nyingine za bisepsi, basi.

Ugumu wangu ni kwamba nafasi zilizoongezwa zilipewa mambo yaliyo rahisi kujua. Kulia au kushoto, hata mgonjwa mwenyewe anajua. Kiasi cha kuchanika ndicho kinachohitaji mkono wa daktari, ultrasaundi au kipimo cha MRI, na ndicho kinachoamua kama mtu anapelekwa chumba cha upasuaji au anapewa mazoezi ya fiziotherapia. Hicho ndicho kilichoachwa nje.

Wala haiwezi kusemwa kwamba jambo hilo haliwezekani kuainishwa. Katika kitabu hicho hicho, sura nyingine kabisa, ipo M75.1, inayohusu kuchanika kwa kundi la misuli minne inayolishika bega pale ambapo jeraha halikutajwa kuwa chanzo. Hapo kuna M75.11 kwa kuchanika nusu na M75.12 kwa kuchanika kabisa. Kwa hiyo bega lililochakaa polepole linaulizwa limechanika kiasi gani. Bega lililochanika kwa kuanguka, S46.01, haliulizwi. Sijaona hoja ya kitabibu inayoweza kuutetea mpangilio huo. Ni matokeo ya sura mbili zilizojengwa na mantiki mbili.

Tuje kwenye kiwiko, ambacho katika mfumo huu hakina nyumba yake. Majeraha yamepangwa kwa maeneo ya mwili: S40 hadi S49 ni bega na mkono wa juu, S50 hadi S59 ni kiwiko na kigasha. Mtu angedhani msuli ulioumia kwenye kiwiko unakwenda S56 moja kwa moja, na hata maelezo yaliyo chini ya S46 yanasema jeraha la msuli kwenye kiwiko litafutwe S56. Lakini misuli haiheshimu mipaka hiyo. Bisepsi inaanzia kwenye bega na kuishia kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Trisepsi inashuka nyuma ya mkono wa juu na kujishikiza kwenye ncha ya kiwiko, kwenye ule mfupa mwingine. Kano zote mbili zinapokatika kwa chini, maumivu, uvimbe na damu vyote viko kiwikoni, na mahali palipong'oka ni mfupa wa kigasha. Hata hivyo msimbo unabaki mkono wa juu: S46.2 kwa bisepsi, S46.3 kwa trisepsi, kwa kuwa misuli hiyo imetajwa huko kwa jina.

Upande wa pili mambo yanageuka. Misuli inayoinua kifundo cha mkono na vidole inaanzia kwenye kinundu cha upande wa nje cha mfupa wa mkono wa juu, juu ya kiwiko. Ikichanika pale pale inapoanzia, inahesabiwa kuwa ya kigasha, S56. Na S56 yenyewe imepangwa kwa kufuata vidole: misuli inayokunja kidole gumba, inayokunja vidole vingine, inayonyoosha, na kadhalika. Msuli unaosumbua zaidi kwenye upande huo wa kiwiko haunyooshi kidole chochote, unainua kifundo cha mkono, kwa hiyo unaangukia S56.5, kapu la misuli mingine ya kunyoosha.

Kuna msuli mmoja ambao kila anayefundisha misimbo ya mkono angepaswa kuanza nao. Unaanzia kwenye mfupa wa mkono wa juu, unapita kiwiko upande wa kidole gumba, unaishia karibu na kifundo cha mkono. Vitabu vya anatomia vinauita brakioradialisi na huuweka pamoja na misuli ya nyuma ya kigasha, kwa sababu unalishwa na neva ile ile inayolisha misuli ya kunyoosha. Kazi yake lakini ni kukunja kiwiko. S56 inakutaka uchague: mkunjaji au mnyooshaji? Ukifuata neva unapata jibu moja, ukifuata kazi unapata jingine, na hospitali mbili zenye watu makini zinaweza kutoa takwimu mbili tofauti za jeraha lile lile. Mwenzake wa ndani, brakialisi, mkunjaji mkuu wa kiwiko, hana msimbo wa jina lake kabisa. Anaishi S46.8 pamoja na msuli wa deltoidi na wengine waliobaki.

Ligamenti zina mlango wao, S53. Hapo, tofauti na kwa misuli, ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko ina msimbo wa kuteguka, S53.44, na msimbo wa kukatika kwa jeraha, S53.3. Yaani kwa ligamenti, kitabu kinakubali kwamba kuteguka na kukatika ni mambo mawili. Hatua chache tu kutoka hapo, kwenye kano ya bisepsi, kinakataa.

Yote haya yanaumiza takwimu. Yanayofuata yanaumiza watu.

Uamuzi mzito kuliko wote katika kuandika msimbo wa mkono ni herufi ya kwanza: S au M. S ni jeraha, tukio lenye siku yake na chanzo chake. M ni ugonjwa wa misuli na mifupa, kitu kilichojengeka. Pale ambapo bima ya ajali au fidia ya kazini inahusika, herufi hiyo moja inaweza kuamua nani analipa, au kama kuna anayelipa. Mwongozo wa ICD-10-CM unasema jeraha jipya na la sasa liende sura ya majeraha, na hali sugu au inayojirudia iende sura ya misuli na mifupa. Kwenye karatasi hilo linaeleweka. Kwenye mkono wa mtu aliyefanya kazi nzito miaka mingi, halieleweki hata kidogo.

Soma maelezo ya M66, kategoria ya kano zilizokatika zenyewe. Yanaeleza kwamba ni pale nguvu ya kawaida inapotumika kwenye tishu inayodhaniwa kuwa dhaifu kuliko kawaida. Kisha yanasema kwamba nguvu isiyo ya kawaida ikitumika kwenye tishu ya kawaida, hiyo ni S, itafutwe kwa eneo la mwili. Ni maelezo mazuri, yenye akili, na yana pengo katikati. Nguvu kubwa juu ya kano iliyokwisha kuchoka inakwenda wapi?

Hilo si swali la pembeni. Kano haikai ya ujana milele. Nyuzi zake huchakaa, mtiririko wa damu katika sehemu fulani ni hafifu, na kazi ya kurudiarudia huongeza uchakavu. Anayekatika kano ya bisepsi kwenye kiwiko kwa kawaida ni mwanamume wa umri wa kati, akiwa amebeba kitu kizito na mkono wake ukalazimishwa ghafla kunyooka. Ndani ya sekunde hiyo kuna vitu viwili: mzigo uliozidi, na kano ambayo huenda ilikuwa imepungua nguvu. Kila mmoja wa mashahidi wa kesi yake atachagua kimoja. Mwajiri atasema kano ilikuwa mbovu tangu zamani. Mfanyakazi atasema alikuwa mzima mpaka ule mzigo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na kitabu kinadai herufi moja.

Mtazamo wangu ni huu: palipo na tukio linaloweza kutajwa, lenye saa yake, kitendo chake na badiliko la ghafla la nguvu au umbo la mkono, jeraha liandikwe S, hata kama kipimo cha MRI kinaonyesha uchakavu wa zamani. Uchakavu uandikwe pia, kama hali ya pili, kwa msimbo wake. Kano nyingi za watu waliovuka miaka 40 zinaweza kuonyesha uchakavu fulani ukizichunguza kwa mashine nzuri. Tukikubali kwamba uchakavu unafuta tukio, basi tumesema watu wazima hawawezi kuumia kazini.

Kinyume chake pia lazima kisemwe. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yaliyokuja taratibu kwa miezi, bila siku ya kuanza, ni M77.1, yale ambayo wengi huyaita kiwiko cha tenisi ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Kuyaandika S56 ili dai lipite ni kumdanganya msomaji wa takwimu, na hatimaye ni kumdhuru mfanyakazi anayefuata, maana kazi ya kurudiarudia haitaonekana popote kuwa chanzo. Ipo njia ya haki. Misimbo ya visababishi vya nje ina X50.0 kwa kujikakamua au mzigo mzito, na X50.3 kwa miendo ya kurudiarudia. X50.3 ikiwekwa kando ya msimbo wa kiwiko, inasimulia kile ambacho M peke yake haiwezi. Lakini huko Marekani hakuna sharti la kitaifa la kuandika misimbo hiyo, na kisicholazimishwa na anayelipa huachwa wazi. Kwa hiyo tuna hesabu nyingi za viwiko vinavyouma na hesabu chache za kilichoviumiza.

Herufi ya saba ni suala dogo, nalipitia kwa haraka kwa sababu bado linakosewa. A haimaanishi ziara ya kwanza. Inamaanisha matibabu hasa yanaendelea, kwa hiyo daktari wa pili anayempokea mgonjwa ili ampasue anaandika A pia. D ni kipindi cha kupona na kufuatiliwa, S ni madhara yaliyobaki baadaye. Anayehesabu A zote akidhani anahesabu majeraha mapya amehesabu mgonjwa mmoja mara tatu.

Lililo kubwa zaidi, na linalonisikitisha kwa namna ya pekee, ni mkono unaotumika zaidi. Katika G81, misimbo ya kupooza upande mmoja wa mwili, kitabu kinataka kujua kama upande uliopooza ndio mgonjwa anaoutumia zaidi, na mwongozo unatoa hata kanuni ya kufuata pale jalada lisiposema. Katika majeraha ya misuli ya mkono, hakuna. Fundi wa mkono wa kushoto aliyekatika bisepsi ya kushoto anaonekana sawa na yule anayeutumia mkono huo kushikia tu. Kwa kuwa nafasi haipo kwenye msimbo, lazima iwepo kwenye maandishi, na mara nyingi haipo huko pia.

Wengi wanaweka matumaini yao kwa ICD-11, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Muundo wake ni tofauti. Badala ya kuchonga msimbo mmoja mrefu kwa kila hali, unachukua msimbo wa msingi na kuuambatanisha na misimbo ya nyongeza: upande, sehemu halisi ya mwili, ukali, chanzo. Kinadharia, kano ya bisepsi iliyong'oka kabisa kwenye kiwiko cha kulia inaweza hatimaye kuelezwa jinsi ilivyo. Naukubali mpango huo. Ila nyongeza ni nyongeza, na uzoefu wa misimbo ya visababishi vya nje umetuonyesha yanayozipata nyongeza pale ambapo hakuna anayezidai. Nchi inayohamia ICD-11 na kuziacha nyongeza za majeraha kuwa hiari itajikuta na msimbo mpya unaosema machache kuliko ule wa zamani, kwa sababu hata kulia na kushoto sasa vitakuwa nyongeza.

Kwa hiyo, iwe ni toleo la kumi au la kumi na moja, kazi inarudi kwa sentensi anazoandika daktari, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia mbele ya mgonjwa. "Maumivu ya mkono baada ya kazi" haitoshi kwa lolote. Linganisha na hii: "Alinyanyua mzigo jana saa nne asubuhi, mkono wa kulia ukanyooshwa kwa ghafla, akasikia mkatiko mbele ya kiwiko; anatumia zaidi mkono wa kulia; kano ya bisepsi haiguswi, nguvu ya kugeuza kiganja imepungua sana; nashuku imekatika kabisa upande wa chini." Kuiandika hakuchukui hata dakika moja. Ndani yake kuna S, kuna bisepsi, kuna upande, kuna chanzo, na kuna yale mawili ambayo msimbo hauna pa kuyaweka, kiasi cha kukatika na mkono unaotumika, ili daktari wa upasuaji, mkaguzi wa bima na mtafiti wayakute jaladani.

Pale sentensi hiyo inapokosekana, mtu wa misimbo haruhusiwi kuibuni. Hawezi kusoma picha ya MRI na kuamua mwenyewe kwamba kano imekatika kwa tukio fulani. Kazi yake ni kumrudishia daktari swali kwa maandishi. Swali hilo linachukua muda, na katika idara nyingi utendaji wa mtu huyu hupimwa kwa majalada aliyofunga kwa siku. Anayeuliza anaonekana mzembe, anayeandika "haikuelezwa" na kusonga mbele anaonekana hodari. Mabadiliko ya kwanza ambayo ningeyaomba kwa hospitali yoyote ni hapo: maswali aliyorudisha kwa madaktari yahesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake, na daktari apewe muda maalumu wa kuyajibu, kabla jalada halijafungwa na kabla zile wiki mbili tatu za mtu mwenye kano iliyong'oka hazijapita.